Pikapu Iliyolia Jumatano

Inspekta alipofika kwa Mama Pindo, alikuta silinda hedi, kile kichwa cha injini, imelazwa juu ya shuka safi, na mwenye nyumba ameketi pembeni yake akiipepea nzi kwa kipande cha khanga.

"Karibu, afande. Pitia hapo penye gunia. Upande wa huku usikanyage, valvu zimelala."

Koplo, aliyekuwa nyuma ya Inspekta akimenya karanga, alikuwa ameshakanyaga upande wa huku. Alirudi kinyumenyume akiomba radhi, na karanga zikamwagika. Mama Pindo akaziokota moja moja kabla hazijafika kwenye injini. Koplo alizitia zilizobaki mfukoni na hazikuonekana tena mpaka jioni.

Pikapu yenyewe ilisimama uani chini ya paa la bati, buluu iliyopauka, mlango wa dereva wa kijani. Boneti ilikuwa imeondolewa. Juu yake yalisimama magogo matatu yaliyofungwa kwa mnyororo, yale yaliyotumika kuinua injini na kuirudisha. Injini ilikuwa mahali pake, ila wazi kwa juu, pistoni zote zinaonekana.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumatano mchana, wauguzi wa zahanati ya mlimani wakiwa kwenye kikao, mtu aliondoka na jokofu la chanjo. Mlinzi wa zahanati alisema aliona pikapu ya buluu yenye mlango wa kijani ikiteremka nalo. Pikapu ya namna hiyo ilikuwa moja tu eneo lote, nayo ni hii. Alhamisi wakamchukua kijana wa nyumba, aliyeitwa Ngongoti kwa sababu ya miguu yake mirefu, na tangu siku hiyo alikuwa mahabusu. Alishikilia neno moja tu: pikapu haijawaka tangu ifunguliwe. Jirani wa ukuta mmoja alisema Jumatano aliisikia ikiwaka. Mkuu wa kituo alishaamua nani mwongo, na jalada lilikuwa liende kwa mwendesha mashtaka kesho asubuhi.

Inspekta hakuwa na ugomvi na kesi nyepesi. Alizipenda kama kila mtu. Lakini hii ilikuwa imekaa vizuri mno, na nguo inayokukaa vizuri bila kupimwa huwa imeshonewa mtu mwingine.

"Mama, niambie mlivyofanya kazi. Tangu mwanzo."

Mama Pindo alisimama, akajifuta mikono. Alikuwa fundi cherehani, na tepu ya kupimia ilining'inia shingoni mwake hata sasa. Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa sababu aliwahi kumrudisha mtu nyumbani akavue suruali ili pindo likunjwe upya.

"Gari la marehemu mume wangu hili. Alipoondoka, likafa na lenyewe. Mimi nikalala. Nasema kulala, afande, si usingizi. Cherehani likashika vumbi. Mwanangu siku moja akaniletea kabureta kitandani, akaniambia, mama, nishikie hii. Nikaishika. Kesho yake akaniletea kitu kingine." Alitabasamu kidogo. "Nikaona bora niamke, maana shuka zangu zilikuwa zinaharibika kwa oili."

"Mafundi wa mtaani je?"

"Walicheka. Wakasema mshona magauni anafungua injini, tutaletewa pistoni zina lesi. Wanasubiri mpaka leo waone itakuwaje."

Inspekta alitazama kazi. Kila boliti, kila springi, ilikuwa ndani ya kifuko cha kitambaa, na kila kifuko kimefungwa mdomo kwa mshono wa kufichika, ule ambao uzi wake hauuoni hata ukiutafuta. Nyekundu upande wa ekzosi, buluu upande wa kabureta. Vifuko vilipangwa kwa mstari juu ya meza nzito ya bati nene, iliyowekwa juu ya matofali.

"Kwa nini unashona? Si ungefunga fundo tu?"

"Fundo kila mtu anafunga. Mshono wangu ukifumuliwa najua kuna mkono umeingia."

Inspekta alinyoosha kidole. Kifuko kimoja kilikuwa na fundo.

"Na hiki?"

"Boliti za hedi hizo. Kafunga mwanangu, Jumatano." Mama Pindo alishusha sauti. "Jumanne jioni tuliifunga hedi pamoja. Mimi nikaweka gasketi, kile kibati cha katikati, yeye akakaza. Asubuhi nikaenda kupeleka sare za shule. Niliporudi nikakuta kaifungua tena. Akasema hakuridhika na ukazaji, kafungua kabla hajawasha, na gasketi mpya kashanunua."

"Iko wapi hiyo mpya?"

Mama Pindo alimpa. Ilikuwa bado ndani ya nailoni yake, haijachanwa hata pembe. Inspekta aliigeuza, akaona ulaini wa kitu ambacho hakijawahi kubanwa na chuma. Kwa hiyo haikuwa imetumika kupanda mlima wowote.

"Na ile ya Jumanne?"

"Kasema katupa."

Inspekta alitazama uani. Chini ya dirisha palikuwa na kopo la vifungo vilivyokatika, kopo la zipu mbovu, na fungu la vipande vya kitambaa visivyotosha hata kuziba tundu la soksi.

"Nyumba hii inatupa vitu, mama?"

Mama Pindo naye aliyatazama makopo yale.

Koplo aliona nafasi yake. "Afande, mimi naona ni wazi. Kawasha, kaenda, karudi, kafungua injini ili aonekane haikuweza kutembea. Ujanja."

"Inawezekana," Inspekta alisema, na kweli iliwezekana. Alikuwa amelifikiria hilo tangu barabarani. "Hebu nisaidie kwanza. Soma meza hii."

"Meza?"

"Sogeza vifuko kidogo. Polepole, asije akakufukuza."

Koplo alisogeza. Chini ya vifuko, kwa rangi nyeupe iliyochakaa, palikuwa na herufi kubwa. Alisoma kwa sauti: "MSINI... SUKUME."

"Marehemu aliandika mwenyewe," alisema Mama Pindo. "Huo ndio mlango wa nyuma wa pikapu, ule wa kushusha ukipakia. Meza yangu ya kukatia isingebeba chuma. Tuliung'oa siku ileile tulipoanza."

"Koplo, mlinzi alisemaje kuhusu nyuma ya pikapu?"

Koplo hakuhitaji kukumbushwa. Yeye ndiye aliyeandika yale maelezo. "Alisema... aliiona ikiteremka, nyuma yake imeandikwa Msinisukume. Ndiyo maana tukajua ni hii."

"Ing'oe hiyo meza, basi, tuone."

Jiriwa kubwa la kubania vyuma lilikuwa limefungwa kwenye bati lile kwa boliti zilizopita katikati ya maandishi. Koplo alichukua spana, akavua kofia, akavuta. Akabadilisha mkono. Akaweka mguu kwenye tofali akavuta tena, mishipa ya shingo imemtoka. Kutu ilikuwa imezishika boliti na nati zake zikawa kitu kimoja.

"Haitoki, afande."

"Na huko nyuma ya pikapu kuna nini mahali pake?"

Koplo alizunguka akaangalia. "Ubao. Umefungwa kwa waya. Na waya nao una kutu." Alirudi akiwa ameinamisha kichwa. "Sasa yule mlinzi kaona nini?"

"Kaona pikapu anayoikumbuka, ya kabla mlango huu haujang'olewa. Huyo tutamrudia." Inspekta hakuonyesha furaha, kwa sababu hakuwa nayo bado. Mlinzi kusema uongo hakukumtoa kijana mahabusu. Kijana naye, kwa maelezo ya jirani, alikuwa amesema uongo, na mkuu wa kituo angeuliza: asiye na hatia anadanganya nini?

Jirani aliitwa Babu Redio, na redio yenyewe ilisikika kabla yake. Inspekta alipobisha, mzee aliizima, jambo ambalo Koplo alimnong'oneza kuwa ni heshima kubwa.

"Nilishamwambia kijana wako huyu," alisema mzee. "Jumatano gari liliwaka."

"Mara ngapi, babu?"

"Mara moja. Siku zote nasikia nyundo na yule mama akiimba. Jumatano ndiyo nikasikia injini."

"Ililiaje?"

"Hilo hakuniuliza." Babu Redio alimtupia Koplo jicho. "Kwanza ilinguruma vizuri, nikafurahi, maana nilimjua mwenye gari. Nikapunguza redio nisikilize. Halafu ikaanza kulia. Kulia, mwanangu, chuma kwa chuma, meno yananiuma. Nikakimbilia dirisha kulifunga, na kule redioni penalti inapigwa. Mpaka leo sijui ilipigwa vipi."

"Halafu?"

"Halafu ikanyamaza. Kijana akazima."

"Ikatoka getini lini?"

Babu Redio alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza upande gani. "Nani kasema ilitoka?"

Inspekta alimgeukia Koplo. Koplo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilimuuliza kama gari liliwaka," alisema kwa sauti ndogo. "Akasema ndiyo. Nikaandika liliwaka na kuondoka. Afande, gari likiwaka huwa linaondoka."

"La nyumba ile limekaa bila kutembea muda mrefu kuliko ulivyokaa wewe kazini. Mbele ya babu hapahapa, rekebisha."

Waliporudi uani, Inspekta aliomba taa ya mkononi, akainama kwenye mhimili uliolala kando ya hedi, ule unaobeba vyuma vya juu vya injini, vile vinavyochezesha valvu. Alipitisha ukucha. Palikuwa na mikwaruzo mipya, myembamba, mingi. Akampigia simu fundi wa karakana ya kerezo, mashine ya kuchongea vyuma, aliyewachongea silinda, akaweka sauti ya juu Koplo asikie.

"Fundi, injini inanguruma vizuri, halafu inalia juu chuma kwa chuma. Nini hicho?"

"Oili haipandi kichwani. Njia imezibwa."

"Ikiwa hivyo inaweza kupanda mlima wa zahanati, ibebe jokofu, irudi?"

Fundi alicheka. "Labda ibebwe yenyewe. Ukiipandisha kilima ikiwa kavu, vyuma vya juu vinashikana, vinakuwa vyeusi, unavitoa kwa nyundo. Kwani umeviona vikoje?"

"Vimekwaruzwa tu. Vinang'aa."

"Basi aliyeiwasha ana masikio. Aliizima mapema."

"Na njia inazibwa na nini?"

"Uchafu. Au gasketi ikiwekwa vibaya. Lakini gasketi siwezi kukuambia bila kuiona."

Inspekta alikata simu. Ilibaki gasketi. Bila gasketi, mkuu wa kituo angesema fundi anabahatisha na jirani amezeeka. Alipiga hesabu ya mtu aliyelelewa hapa. Kijana hawezi kutupa kitu, kwa sababu hakufundishwa. Kuchoma hawezi, ina bati ndani. Jalala la mtaa liko mbele ya gereji, mbele ya macho ya wale wanaosubiri kucheka. Kwa hiyo iko hapahapa, na iko mahali ambapo mama yake hatafuti kitu.

Alifungua mlango wa kijani. Ndani ya pikapu palikuwa pazuri kuliko nje. Kiti kirefu cha mbele kilivikwa kitambaa kigumu cha kahawia, pembe zake zimekunjwa vizuri hadi ungetamani kukalia kwa adabu.

"Umeshona wewe, mama?"

"Ndiyo. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyofanya nilipoamka." Mama Pindo aliingiza kichwa kwa fahari, akapapasa mgongo wa kiti, akateremka mpaka chini nyuma, pale pasipoonekana. Mkono ukasimama. Aliinama. "Hii nini?"

Kwa nyuma, mshono ulipita kama nyayo za kuku, mrefu hapa, mfupi pale, uzi mweusi kwenye kitambaa cha kahawia.

"Huu si mshono wangu," alisema, karibu ameudhika. Kisha akautambua. "Huyu ni Ngongoti. Nilimfundisha akiwa mdogo, akashindwa kabisa."

Alitoa wembe kwenye mkebe wake akafumua. Hakukata kitambaa, alikata uzi tu, hata sasa. Akaingiza mkono kwenye sponji akatoa kitu kipana, chembamba, cheusi pembeni.

Inspekta aliipokea ile gasketi kwa kitambaa. Matundu makubwa ya silinda yalikuwa na duara za masizi, alama ya moto. Injini iliwaka ikiwa na gasketi hii. Aliigeuza. Pembeni palikuwa na duara dogo la oili iliyogandamizwa, mahali ambapo oili ilipaswa kupanda, na hapo kwenye duara hapakuwa na tundu. Tundu lilikuwa upande wa pili. Akaiweka juu ya injini, akaigeuza juu chini, na tundu likakaa mahali pake sawasawa.

"Iliwekwa kifudifudi," alisema Koplo, ambaye siku hiyo alikuwa amejifunza mengi kwa mpigo. "Sasa kwa nini aifiche? Kosa kama hilo anafanya mtu yeyote."

Inspekta alikuwa ameshageuka. Alikuwa anamtazama Mama Pindo. Mama huyo alikuwa ameshika vipande viwili vya kitambaa kutoka kwenye fungu lake, bila hata kujua ameviokota, na mikono yake ilikuwa inaviweka pamoja kama ilivyofanya maisha yake yote: uso kwa uso, upande mzuri ndani, mbaya nje, tayari kwa kushonwa.

"Upande wenye maandishi nikaona ndio uso," alisema polepole. "Ukiunga vitu viwili, uso unalala ndani. Hivyo ndivyo inavyokuwa." Akavitazama vitambaa. "Niliiweka mimi. Yeye alikaza tu."

Aliviweka vitambaa chini.

"Kwa hiyo mwanangu yuko ndani kwa sababu ya gasketi yangu."

"Yuko ndani kwa sababu mlinzi kasema uongo," Inspekta alisema. "Lakini kutoka, atatoka kwa sababu ya gasketi yako. Vaa viatu, mama. Twende."

Kituoni, mkuu wa kituo alisikiliza akiwa amesimama. Aliuliza maswali magumu, kama kazi yake ilivyomtaka. Huenda alibadilisha gasketi akaenda? Mpya ipo, haijabanwa. Huenda aliendesha hivyohivyo? Mhimili huu hapa, umekwaruzwa, haujashikana. Jirani? Amerekebisha maelezo na kuweka sahihi. Mlango wa nyuma? Koplo alijitolea kueleza hilo mwenyewe, na akaonyesha malengelenge ya kiganja. Mkuu wa kituo alilivuta jalada kutoka kwenye rundo la asubuhi akaliweka kwenye droo.

"Mlete kijana," alisema.

Ngongoti aliingia akiinamisha kichwa chini ya kizingiti. Inspekta alikuwa peke yake chumbani, na gasketi iko mezani. Kijana aliiona. Uso ulimsawijika, na alichouliza hakikuhusu kesi.

"Mama ameiona?"

"Keti."

"Afande, mama ameiona?"

"Kwa nini ulisema haikuwaka?"

Ngongoti aliketi. Magoti yake yaligonga meza. "Nilitaka kumshangaza. Niwashe akiwa hayupo, akirudi akute inanguruma. Ikalia. Nilipofungua nikaona. Nikajua ameiweka kama anavyoweka kitambaa." Alifuta pua kwa kiganja. "Ninyi hamkumwona alipokuwa amelala. Hakuwa anakula. Injini hii ndiyo imemwamsha. Nikasema akijua mikono yake ndiyo imeharibu, atarudi kitandani. Ningesema iliwaka, mngeuliza kwa nini ilizimika."

"Ungefungwa."

"Nilidhani mtampata mwizi mwenyewe kabla."

"Polisi tunashukuru kwa imani hiyo," alisema Inspekta, na akafungua mlango.

Mama Pindo alikuwa amesimama nje muda wote huo, na mlango wa kituo kile haukuzuia sauti. Aliingia na tepu yake shingoni. Alimtazama mwanawe juu mpaka chini, kama anayemchukulia vipimo, na alipoona hajapungua sana akamzaba kofi dogo la bega, kisha akamkumbatia kwa mkono uleule.

"Wewe mjinga," alisema, akilia waziwazi. "Ulifikiri nitarudi kulala? Nguo ngapi nimezishona kinyume nikazifumua? Ndiyo kazi yenyewe hiyo! Unafumua, unashona tena."

"Wangekucheka, mama."

"Wacheke. Mimi mwenyewe nimecheka njia nzima, muulize Koplo. Pikapu ya baba yako nimeiunga kama mto wa kulalia!" Akacheka tena hapohapo na machozi yakiwa mashavuni, na Ngongoti naye akashindwa kujizuia.

Inspekta alitoka kuwapisha. Koplo alikuwa koridoni, karanga zimerudi mkononi.

"Mlete mlinzi wa zahanati," alimwambia. "Mwambie atupeleke pale alipokuwa amesimama Jumatano, atusomee tena maandishi ya nyuma ya pikapu. Na uulize nani alimweleza kwamba nyumba ile ina gari bovu na kijana mmoja tu wa kumlaumu."

"Sawa, afande. Na safari hii nitaandika anachosema tu."

Nyuma yao mama na mwana walikuwa wakitoka. Ngongoti alikuwa ameshika gasketi mpya, ile ya nailoni, ambayo mama yake alikuwa amekuja nayo kituoni ndani ya mkoba kana kwamba alijua watakwenda moja kwa moja kazini.

"Hii unaiweka wewe tena," alisema kijana. "Maandishi juu."

"Nimesikia. Maandishi juu."

"Na kiti, samahani. Ule mshono niliouweka. Leo nitaufumua, uushone vizuri."

Mama Pindo alisimama kwenye ngazi za kituo, akafikiri kama fundi anavyofikiri.

"Hapana, sitaushona," alisema. "Nimeshaufumua mimi nilipotoa gasketi. Ukifika nyumbani urudishe wewe mwenyewe, vilevile, kwa uzi uleule mweusi."